Dola 900, watu watatu, wiki moja Dubai

Swali: "Ami, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Likoni. Chama chetu kimenifikia zamu, nami nimeamua kumpeleka mamangu, ana miaka 67, aione Dubai japo mara moja. Tutakuwa watatu: mimi, yeye na mwanangu wa miaka 9. Tiketi, viza na chumba nimevitengea fungu lake. Nimebakiwa na dola 900 za kula, kutembea na kununua vitu kwa siku saba. Wenzangu shuleni wananicheka, wasema kwa Dubai hizo ni pesa za siku mbili. Mama naye anataka bangili. Nifanyeje zitoshe? Nibebe dola, dirhamu ama kadi? Na twende Agosti shule zikifungwa, au Desemba? Mama ana presha, na magoti yanamsumbua."

Marahaba, mwanangu. Waambie wenzako wapunguze kicheko. Dola 900 kwa watu watatu, siku saba, zinatosha kula, kutembea na kurudi na vijizawadi. Hazitoshi bangili. Hilo nitalifikia kwa urefu, kwa sababu naona ndilo litakalokuumiza zaidi usipolisema mapema.

Nimekata tiketi za watu mjini hapa miaka 22, wengi wao wa kwenda Dubai, na kazi hiyo ina jambo lake: msafiri akirudi huja kukuhadithia. Nimesikiliza hadithi nyingi za jinsi pesa zilivyoisha. Wachache mno walimalizwa na bei ya chakula au ya kiingilio. Wengi pesa ziliwavuja pale zilipokuwa zikibadilishwa: shilingi ikawa dola, dola ikawa dirhamu, dirhamu ikawa tarakimu kwenye mashine ya kadi. Wengine walinyolewa katika zile saa tatu za mwanzo baada ya kutua, mtu amechoka, mtoto analia, mama miguu inamuuma, na yeyote anayekuja na jibu la haraka hulipwa anachotaka. Ziba hapo pawili na safari yako itakaa sawa.

Tuanze na mwezi, maana huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote na haukugharimu hata senti. Wazee wa Mji wa Kale hawakuwa wakienda Uarabuni siku wanayoitaka. Majahazi yalishuka kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi, na asiyengoja upepo alibaki bandarini. Bei za safari nazo zina upepo wake. Agosti vyumba vya Dubai hushuka sana, na mtu akikuonyesha bei utatamani kulipa papo hapo. Lakini Agosti kule jua hupita nyuzi 40 na unyevu wa bahari juu yake. Sisi wa Mombasa twajidai twalijua joto. Lile si la kwetu. Kijana atavumilia. Mamako mwenye presha hatavumilia, na kila atakapoishiwa nguvu mtapanda teksi, mtaingia mkahawa wa ndani ya jengo la maduka kutafuta ubaridi, mtanunua maji na vinywaji, hadi ule unafuu wa chumba uishe wote barabarani.

Desemba nayo ni kinyume chake: hewa nzuri, bei juu. Tarehe 2 na 3 ni sikukuu ya taifa lao, kisha Krismasi, kisha mwaka mpya ambapo nusu ya dunia inataka kuona fataki za Burj Khalifa. Wewe ni mwalimu wa msingi, una nafasi ambayo watu wa ofisi hawana. Muhula wa tatu ukiisha na mitihani ukishaisimamia, kamata katikati ya Novemba, urudi kabla ya Desemba kuingia. Ukishindwa, basi likizo ya Aprili baada ya Pasaka. Ni joto la kawaida, la Mombasa, na bei zimeshateremka kutoka za msimu. Agosti niondolee kabisa.

Tiketi ulisema umeshaitengea fungu, kwa hiyo nitapita haraka. Tangu Januari 2024 flydubai huruka moja kwa moja kutoka uwanja wetu wa Moi, na wako pia wanaopitisha watu Addis Ababa. Ukiona tiketi ya kutokea Nairobi iko chini kidogo, usiikimbilie. Treni ya SGR daraja la pili ni shilingi 1,500 mtu mzima na nusu yake mtoto. Kwenu watatu kwenda na kurudi ni 7,500. Bado hujalipa gari la Likoni hadi Miritini, teksi ya Syokimau hadi uwanja wa ndege, na chakula cha njiani. Na magoti ya mama hujayahesabu. Angalia pia kama nauli ina mzigo ndani. Zipo nauli nyepesi zisizo na sanduku, na sanduku ukililipia mapema pamoja na tiketi huwa nafuu kuliko ukilipia kaunta, tayari mmesimama kwenye foleni. Na viza itoke kwanza ndipo ununue tiketi isiyorudishwa pesa. Nimewaona watu wakifanya kinyume, viza ikakataliwa, tiketi ikafa. Viza yenyewe iheshimu tarehe zake. Kila siku utakayozidisha ni faini ya dirhamu 50 kwa mtu.

Sasa pesa.

Dirhamu ya Imarati imefungwa na dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Haipandi wala haishuki. Maana yake ni kwamba wewe, ukiwa Likoni, unaijua bei halali ya dola yako hata kabla ya kupanda feri, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya shilingi yetu. Ukifika Deira, mtaa wa Dubai, kwenye maduka ya kubadilisha pesa na ukapewa 3.65, umetendewa haki. Ukiona ubao umeandikwa 3.50, hasa pale uwanja wa ndege, jua umeombwa zawadi. Kwa dola zako 900, 3.65 ni dirhamu 3,285, na 3.50 ni 3,150. Tofauti ni 135, chakula chenu watatu siku nzima. Uliza pia kama kuna ada juu yake, maana wapo wanaoandika kiwango kizuri ubaoni kisha wakakata ada kwenye risiti. Swali ni moja tu: "Nikikupa mia, unanipa ngapi mkononi?"

Upande wa huku kwetu, ukishika shilingi usiingie duka la kwanza. Tembea. Moi Avenue, Barabara ya Nkrumah, Barabara ya Digo, maduka ya forex yako karibu karibu, na asubuhi moja unaweza kuuliza manne. Omba noti za mia, mpya, zisizo na mchoro wa kalamu wala mkunjo uliochakaa. Noti za kichwa kidogo, zile dola za toleo la zamani, usizipokee hata ukibembelezwa, kwa sababu aliyekupa anajua kwa nini anataka ziondoke.

Je, ununue dirhamu hapa hapa Mombasa? Pengine. Mji wetu una biashara nyingi na Dubai, dirhamu hazikosekani. Hesabu yake ni fupi: chukua bei wanayokuuzia dola, gawanya kwa 3.67. Tuseme dola wanakuuzia 130. Jibu ni kama 35.40. Duka likikuuzia dirhamu kwa 35.50, nunua, umejipunguzia foleni moja. Likikuuzia kwa 37, kila shilingi laki moja inakupotezea zaidi ya dirhamu 110, basi beba dola. Kwa vyovyote vile nunua dirhamu 300 hapa, ziwe mfukoni unapotua. Nitakueleza kazi yake. Na shilingi usizibebe kwenda kuzibadilisha kule. Ziache za nauli ya kurudia nyumbani.

Kadi ibebe, lakini iwe ya pembeni. Nikueleze kilichonipata mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa nalipa chumba katika hoteli moja ya Deira, dirhamu 1,200. Kijana wa mapokezi akanigeuzia mashine. Kiooni palikuwa na vibonye viwili. Juu paliandikwa AED 1,200.00, chini KES 45,300. Nilikuwa nimetoka kwenye ndege muda ule ule. Jicho likakimbilia shilingi, maana ndiyo niliyoizoea, na kidole kikafuata jicho. Usiku nilipotulia nikapiga hesabu kwa kiwango ambacho benki yangu ilitumia siku ile: nilipaswa kukatwa kama 42,900. Elfu mbili na mia nne zilikwenda kwa kubonyeza chini badala ya juu. Si wizi, kwa maana niliulizwa na nikakubali. Mashine ikishapewa ruhusa ya kukubadilishia pesa papo hapo, inatumia kiwango chake yenyewe, na kiwango hicho hakikuwekwa kwa faida yako. Kwa hiyo popote utakapolipa kwa kadi, dukani, hotelini, hata kwenye ATM ya kutolea pesa, chagua dirhamu kila mara. Muuzaji akikuchagulia shilingi bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya, kabla hujatia namba ya siri. Ni haki yako na wamezoea.

Kuhusu hoteli kuna mawili zaidi. Kwanza, nyingi huzuia amana ukiingia. Ukitoa kadi ya benki ya kawaida, pesa zako zenyewe zinafungwa, na huweza kuchukua siku kadhaa kufunguliwa hata baada ya kuondoka. Uliza kama wanapokea amana ya pesa taslimu, nao wakurudishie mkononi siku ya kutoka. Pili, kuna ada inaitwa Dirhamu ya Utalii, kati ya 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota za hoteli, na mara nyingi haimo katika bei uliyoiona kwenye simu. Unaikuta mapokezi. Ya nyota tatu ni 10, basi weka 70 kando kwa usiku saba. Kulipia chumba mtandaoni kutoka huku, kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inafaa, ila hiyo ni namba tu, haina plastiki ya kutia kwenye ATM.

Chumba chenyewe kitafute Deira au Bur Dubai, hatua chache kutoka kituo cha metro, treni yao ya mjini: Al Rigga, Union, Baniyas Square, huko. Vyumba vya bei ya chini sana vilivyo mbali na metro hulipiwa tena kila siku kwa teksi. Ukipata vile vyumba vya hoteli vyenye jiko dogo ndani, chukua hata kama kimezidi kidogo, maana mamako atakunywa chai yake asubuhi bila kuvaa baibui kwanza.

Turudi kwenye saa tatu za mwanzo, ambapo zile dirhamu 300 zina kazi. Kabla ya kuondoka Mombasa andika kwenye karatasi, si kwenye simu, jina la hoteli, mtaa na kituo cha metro kilicho karibu. Angalia tiketi inasema mtatua terminali gani. Ya 1 na ya 3 zina kituo cha metro ndani. Ya 2 haina. Teksi za uwanja wa ndege huanza kuhesabu kutoka dirhamu 25 hata kabla ya gurudumu kuzunguka. Mkitua usiku wa manane na mama amechoka, panda teksi bila kinyongo, Deira si mbali na uwanja. Hizo ni pesa zilizotumika vyema. Kinachoumiza ni yale mengine ya usiku ule: kubadilisha dola zote 900 pale pale kwa sababu kaunta iko mbele yako, kununua laini ya simu ya watalii ya bei kubwa kwa sababu binti amekuita kwa tabasamu, na kula pale uwanjani wote watatu. Beba mahamri au sambusa za kula mkitua. Dola zisiguswe hadi kesho yake mmelala, mmeamka, mmekunywa chai.

Asubuhi hiyo nunua kadi za nauli, zinaitwa Nol, za rangi ya fedha, kila mtu yake. Ni dirhamu 25, na 19 kati yake ni nauli iliyomo ndani. Safari ni 3, 5 au 7.50 kwa kadiri ya zoni mlizovuka. Ukikata tiketi nyekundu ya karatasi utalipa dirhamu moja zaidi kila safari na mbili za karatasi yenyewe. Kuna behewa la wanawake na watoto. Mketishe mama huko. Msiingie behewa la Gold, la daraja la juu, nauli yake ni mara mbili na ukikutwa na kadi ya kawaida faini ni dirhamu 100. Faini nyingine ya mia ni ya kula, kunywa au kutafuna chingamu ndani ya metro, basi mwambie mwanao mapema. Jumapili metro huanza saa mbili asubuhi, siku nyingine saa kumi na moja alfajiri.

Ila metro isiwe dini. Mko watatu. Safari ya zoni mbili kwenu ni dirhamu 15, na teksi ya barabarani kwa safari fupi huanzia kama 13. Kwa mwendo mfupi, teksi inalingana na metro na inamwokolea mama ngazi na kutembea. Metro ifanye ya masafa, kutoka Deira hadi Dubai Mall au Marina, teksi ya karibu. Hapo ndipo watu wengi wanaojiita wabanaji hukosea: wanabana mguu wa mzee ili waokoe dirhamu mbili, na kesho yake mzee hawezi kutoka chumbani, na kiingilio kilicholipwa kinaozea mfukoni.

Chakula hakitakushinda. Deira imejaa Wahindi, Wapakistani, Wafilipino na Waafrika wanaofanya kazi kwa mshahara wa kawaida, na wote wanakula. Kula wanapokula. Chai ya karak ni dirhamu moja au mbili, na ukiionja utakumbuka chai ya maziwa ya tangawizi ya kwetu. Sahani za biriani ni kubwa. Mbili zinawatosha nyinyi watatu. Maji nunua chupa kubwa kwenye duka dogo la mtaani, yasiwe ya mahali penye watalii. Nimeweka dirhamu 130 kwa siku na sidhani mtalala njaa.

Matembezi: siku moja nzima ipeni hori ya Dubai, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Abra, mashua ile ya mbao, inawavusha kutoka Deira hadi Bur Dubai kwa dirhamu moja kila mtu. Mtoto wa Likoni anayevuka feri kila siku atapenda kuiona bahari ya wenzake kwa karibu, na mama atakuta soko la viungo linalonuka kama Marikiti. Mtaa wa kale wa Al Fahidi ni wa kutembea bure, na minara yake ya upepo itamfundisha mwanao jinsi watu walivyopoza nyumba kabla ya umeme. Fukwe za umma ni bure. Ndani ya Dubai Mall lile tangi kubwa la samaki laonekana kwa nje bila kulipa, papa na taa wanapita mbele ya uso. Tiketi ni ya wanaotaka kuingia handakini. Burj Khalifa ina mita 828, na nawaambia wote: kupanda juu saa za magharibi ndiyo bei kali kuliko zote. Ukitaka lazima mwanao apande, kata ya asubuhi, mtandaoni, siku kadhaa kabla. Vinginevyo Dubai Frame ni dirhamu 50 mtu mzima na 20 mtoto, na juu yake unauona mji wa zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Mimi ningechagua huo.

Sasa bangili ya mama, na hapa naomba unisikilize kama mtoto wa nyumbani.

Dhahabu ya Dubai si bei ya kupatana. Bei ya gramu inatokana na soko la dunia, inaandikwa ukutani, na duka hili na lile ni ile ile. Kwa jinsi ilivyopanda miaka hii, bangili moja ya gramu 10 ya karati 22 itameza dola zako zote 900 na kudai nyingine. Mamako huenda bado ana bei ya zamani kichwani, ya enzi alipopewa mahari. Akifika pale Soko la Dhahabu, akapitisha mkono kwenye kioo, ndipo wewe umwambie haiwezekani, utamvunja moyo mbele ya muuzaji, na nakuhakikishia utachomoa kadi. Mwambie sasa, mkiwa nyumbani. Mwambie kuna kitu kidogo, kipini au hereni nyepesi ya karati 18, ya gramu moja au mbili. Mzazi akiambiwa mapema hupanga furaha yake kulingana na alichoambiwa.

Siku ya kununua, shukeni kituo cha Gold Souq. Muulize muuzaji mambo matatu kwa mpangilio huu: gramu ngapi, karati ngapi, na ujira wa sonara ni kiasi gani. Gramu aipime mbele yako; tazama mizani isome sifuri kabla hajaweka kitu. Ujira ndio pekee unaopatanwa, na hapo usione haya. Kwenye kitu chepesi ujira ni sehemu kubwa ya bei, kwa hiyo kipini kisicho na nakshi kinakupa dhahabu zaidi kwa pesa ile ile kuliko chenye maua. Risiti iandike vyote vitatu mbali mbali.

Kisha kuna kodi ya asilimia 5, ambayo mgeni hurudishiwa sehemu yake akinunua dirhamu 250 au zaidi katika duka lililo kwenye mpango huo. Uonyeshe pasipoti wakati wa kulipa. Ukirudi kesho kudai haitawezekana. Mfano: umelipa 1,050, kodi ndani yake ni 50. Wanakurudishia asilimia 85, yaani 42.50, wakitoa ada ya 4.80 kwa risiti. Unabaki na 37.70. Ndiyo maana vitu vingi vidogo ni afadhali ununue duka moja kwa risiti moja, ufike 250 na ada ikatwe mara moja. Uwanja wa ndege pitieni mashine zao kabla ya kukabidhi masanduku, maana wanaweza kutaka kukiona kitu chenyewe. Fikeni saa nzima mapema kwa ajili ya hilo. Risiti hizo zitunze hadi Mombasa, forodha nao watauliza.

Simu: zima intaneti ya laini yako ya Kenya kabla ndege haijaondoka, lakini laini yenyewe iache hewani ipokee ujumbe wa namba za siri za benki. Kule kupiga simu kwa WhatsApp hakuendi, kumezuiwa kisheria, na wengi huona kimya wakadhani simu imeharibika, wakaanza kupiga simu za kawaida za bei ya kutisha. Ujumbe wa sauti unakwenda vizuri. Waambie nyumbani watarajie sauti zilizorekodiwa, na tumia Wi-Fi ya chumbani.

Dawa za presha za mama zibaki kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari. Dawa zozote za maumivu zenye kodeini au tramadol ziacheni, zinahitaji kibali maalumu. Miraa na muguka hata chembe, na mbegu za khashkhashi vile vile. Mtu akikuomba umbebee kifurushi cha ndugu yake, kataa, hata akiwa jirani. Hapo hatuongei tena habari ya kubana pesa.

Nikupigie hesabu yote. Una 3,285. Chakula 910. Metro, abra na teksi 350. Dirhamu ya Utalii 70. Viingilio 350. Simu 60. Jumla 1,740. Toa 500 za dharura, na hizo mpe mama azifunge kwenye pindo la leso yake, zisiguswe hadi siku ya mwisho. Zinabaki 1,045 za kipini na zawadi. Zawadi za ndugu nunua siku ya sita, si ya kwanza, na mzani mdogo wa kupimia sanduku ununue hapa Mombasa kabla ya safari.

Na magoti. Wakati wa kukata tiketi, mwambie wakala aandike kwamba mama anahitaji kiti cha magurudumu, na kumbusha tena siku mbili kabla ya kuruka. Kwa kawaida ni bure, huku na kule. Uwanja wa Dubai ni mwendo mrefu kwa miguu, na anayesukuma kiti anaijua njia yote ya pasipoti na masanduku, nyinyi mnafuata nyuma yake. Wazee wengi huona haya kukiomba. Mwombee wewe, na umwambie mtakapofika kaunta.